Alizeti Kwenye Usukani

Tangu mkewe Rahel afariki, Leonard alizoea kuzungumza na gari lake, jipu kuukuu. Asubuhi alilisalimia. Jioni aliliambia pole ya kazi. Nyumbani kwake Iguguno sauti iliyosikika ilikuwa ya redio tu. Upweke ni mbaya, jamani! Ukimshika mtu, hata kuuliza anasahau.

Siku moja binti yake Evodia, aliyeolewa Utemini, Singida mjini, alipiga simu. Alikuwa na mimba ya kwanza.

"Baba, nikishajifungua hospitali, mama mkwe ameniruhusu nije nyumbani kulelewa uzazi. Shangazi Theodora atanikanda. Utakuja kunichukua?"

"Hata leo nakuja!" Leonard alijibu, akacheka peke yake ukumbini.

Lakini jipu liliumwa. Usukani ulikuwa mzito, na kila akikata kona ulilia. Alifungua boneti. Kikopo cha mafuta ya usukani kilikaribia kukauka.

Jirani yake, fundi Jesca, alikuwa na gereji pale pale kando ya barabara. Leonard hakwenda kumuuliza. Alichukua dumu lake la mafuta ya alizeti. Kwa mtu wa Singida, alizeti inashindwa nini? Anapikia, anajipaka, analainishia bawaba za mlango na mnyororo wa baiskeli.

"Mafuta ni mafuta," alijisemea, akajaza kikopo mpaka pomoni.

Mwanzoni usukani ulilainika, naye akajisifu. Baadaye ukaanza kunguruma. Siku ya gulio, akiwa na magunia nyuma, usukani ukagoma katikati ya kona. Jipu likaacha njia, likaingia kwenye miiba. Mungu mkubwa, hakuna aliyeumia. Ila Iguguno haina siri. Habari zilifika Utemini kabla jipu halijatolewa.

Petro, mume wa Evodia, akapiga simu.

"Shikamoo, baba. Pole kwa ajali. Evodia amejifungua salama, mtoto wa kike. Lakini naomba unisamehe, baba. Kwenye gari lile siwezi kuwapakia. Na kwenye basi mzazi na kichanga watabanwa. Afadhali wabaki huku."

"Sawa, mwanangu," Leonard alisema.

Alipokata simu alilia. Mtu mzima analia, na hakuna hata wa kumwambia nyamaza.

Kesho yake alilikokota jipu polepole mpaka gereji.

"Shikamoo, Baba Evodia."

"Marahaba, mwanangu. Usukani umenishinda."

Jesca alifungua kikopo, akanusa. Akanusa tena.

"Baba! Humu tunakaanga maandazi?"

Leonard aliinamisha kichwa, akaeleza ukweli wote. Jesca alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Sikiliza, baba. Usukani huu una pampu. Pampu inasukuma mafuta, na mafuta yanakusaidia kugeuza magurudumu. Humo ndani kuna joto kali. Alizeti ikipata joto siku nyingi, inanata. Unakijua kikaango kisichooshwa? Tena inatoa povu. Pampu inakosa nguvu, ndiyo maana inalia."

"Basi ningeweka oili ya injini?"

"Hapana. Na ya breki ndiyo kabisa usithubutu, inaharibu mipira ya ndani. Kila gari lina mafuta yake. Tazama." Alipangusa vumbi kwenye kifuniko, herufi zikaonekana. "ATF. Ni yale mafuta mekundu, ya gia za otomatiki. Gari la mwenzako laweza kutaka mengine. Maandishi yakifutika, angalia kitabu cha gari au uliza fundi. Usibahatishe."

Wakapiga jeki, wakaweka stendi imara chini ya gari. Jesca alichomoa mpira unaorudisha mafuta, yale machafu yakaingia kwenye ndoo. Alimimina mapya huku Leonard akigeuza usukani taratibu, kushoto na kulia, mpaka yakatoka mekundu safi. Kisha Jesca akaonyesha mpira mwingine uliochanika.

"Gari halinywi mafuta ya usukani, baba. Yakipungua, yanavuja. Ukiongeza bila kuziba, umefanya kazi bure."

Alibadilisha mpira ule, akajaza mafuta mpaka alama ya juu, bila kuzidisha.

"Mbona hukuja mapema?" aliuliza akinawa mikono. "Uzio wetu ni mmoja."

"Sikutaka kumsumbua mtu."

"Kusumbuana ndiyo ujirani, Baba Evodia. Uniite hata kwa chai."

Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, Leonard alikaa kwa watu mpaka jua likazama.

Alimpigia Petro simu, akamwomba alijaribu gari mwenyewe. Kabla ya safari alipima mafuta. Yalikuwa kwenye alama ile ile, na chini ya gari palikuwa pakavu. Alipofika Utemini, Petro aliomba ufunguo. Alizunguka mtaa mzima, akakata kona zote, za kushoto na za kulia. Leonard alisimama getini, akisikiliza kama usukani utalia.

Petro alishuka, akamrudishia ufunguo kwa mikono miwili.

"Usukani ni laini, baba. Ngoja nilete mizigo yao."

Evodia alipanda, mtoto kifuani. Walipoiacha lami aliuliza, "Baba, nyumbani kuna nini cha kula?"

"Mlenda upo, ugali upo, na kuku shangazi yako ameshamchinja," Leonard alisema, akikata kona polepole. Macho yalimjaa machozi. "Chakula hakijawahi kukosekana, mwanangu. Aliyekosekana ni wa kula naye."