Upande wa Ukutani

Jioni hiyo nilikuwa nimetoka kununua misumari minne tu.

Pazia langu lilikuwa limekaa sakafuni siku tatu tangu nihamie ile nyumba ya kona, karibu na Kibabii, na nilikuwa nimechoka kubadilisha nguo gizani ili wapita njia wasinione. Kwetu ni Kitale. Mimi ni karani wa serikali, na mwaka jana nilihamishiwa Bungoma, mahali ambapo sikuwa na ndugu wala rafiki, ila Mukhisa tuliyekaa naye ofisi moja. Nikarudi na misumari yangu jua likizama, mvua ikinukia upande wa Mlima Elgon. Nikapanda juu ya kitanda, nikapiga msumari wa kwanza.

Rangi ikabanduka. Kipande kizima, kama gamba la kidonda.

Chini yake kulikuwa na maandishi ya penseli. Mwandiko mzuri, uliotulia.

*Chumvi nimeacha.*
*Maji sivuki.*
*Nikiitwa, siitiki hadi mara ya tatu.*
*Upande wa ukutani si wangu.*

Basi. Hakukuwa na jina wala tarehe. Nikapiga picha, nikamtumia Mukhisa.

Mimi na Mukhisa tulikuwa na ugonjwa mmoja, gemu. Si zile za mpira. Ni hizi za kuzunguka nchi za kubuni zenye mazimwi na wachawi, ambapo unaunda mtu wako mwenyewe na kumwongoza miezi mizima. Tulikuwa tumezicheza mpaka zikaisha utamu, kwa hivyo tukaanza kujiwekea masharti. Gemu yenyewe haikulazimishi, ni wewe unayejifunga ili upate ugumu mpya. Mukhisa aliwahi kucheza mtawa asiyegusa chuma, akapigana na mazimwi kwa fimbo wiki mbili. Mimi niliwahi kucheza mwizi asiyesema uongo. Kanuni yetu ilikuwa moja. Masharti unayaandika kwenye karatasi, unatia jina lako, unaibandika juu ya kompyuta. Ukivunja hata moja, unamfuta mtu wako na kuanza upya.

Mukhisa akajibu baada ya dakika moja. "Hizo ni noma, bana. Weka kwa gemu."

Nikaweka.

Niliunda mwanamke mrefu mwenye upinde, nikampa jina langu kama nilivyozoea. Nikachukua karatasi, nikaandika: *Mimi Nyaruai, chumvi nimeacha...* mpaka mwisho. Nikatia sahihi.

Wiki ya kwanza ilikuwa tamu. Nyaruai wangu hakula chakula chochote kilichopikwa kwa chumvi. Mtu akimsemesha njiani, sikumjibu mpaka aseme mara tatu. Usingizi wake ulikuwa kwenye vitanda vipana tu, na nilimlaza ukingoni kila mara. Kuhusu maji, alibaki amefungiwa katika kipande kidogo cha nchi, katikati ya mito miwili. Nilimzungusha humo kila jioni nikitoka kazini.

Kisha siku moja nikamfikisha kwenye ukingo wa mto, nikabonyeza aende mbele. Nilitaka tu kuona maji kwa karibu.

Akakataa.

Nikabonyeza tena. Akageuka polepole, akanipa uso. Kwenye hiyo gemu wewe huona mgongo wa mtu wako tu, sikuwa nimewahi kuona uso wake tangu siku ya kumuunda. Akasimama hivyo, ananitazama, nyasi zikitikisika nyuma yake. Nikajiambia kompyuta imeganda. Nikaizima.

Asubuhi iliyofuata, kazini, msimamizi wangu alikuja kunigusa bega. Alikuwa amekasirika.

"Nyaruai, mbona unanidharau? Nimekuita mara tatu."

Nilikuwa nimesikia mara moja tu.

Mchana, sukumawiki za kibandani zilinichoma ulimi. Nikadhani ni pilipili. Jioni nilijipikia mayai na kuyatia chumvi kidogo, na mdomo ukanitoka malengelenge mpaka machozi yakanitiririka. Nikayapika mengine bila chumvi. Yakashuka bila shida.

Na kitanda...

Nilikuwa nimeanza kuamka nikiwa nimejikunja ukingoni kabisa, mguu mmoja sakafuni. Upande wa ukutani blanketi lilikuwa limevutwa na kubonyea. Alfajiri moja nilinyoosha mkono nikagusa pale.

Palikuwa na joto.

Nikanusa mkono wangu. Ulinuka tope la mtoni.

Siku hiyo nilichana ile karatasi na kumfuta mtu wangu kwenye gemu. Nilipowasha kompyuta jioni, alikuwepo. Amesimama palepale ukingoni mwa mto, amenipa uso.

Ijumaa simu ikaja kutoka Kitale. Mami alikuwa amelazwa. Uvimbe tumboni, upasuaji ni Jumanne, na daktari alikuwa amemwambia awaite watoto wake. Mtoto ni mimi peke yangu. Baba alishafariki.

"Njoo tu nikuone," mami alisema. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo. "Hata kama ni kwa saa moja."

Jumamosi mchana Mukhisa akaja na gari la kakake kunipeleka. Nilikuwa sijamwambia lolote, kwa sababu maneno hayo ukiyasema mchana hata mwenyewe hujiamini. Tukatoka mjini tukizungumza mambo ya ofisi. Kwenda Kitale kuna madaraja kadhaa. La kwanza ni dogo, kijito tu, mtu mzima anakiruka.

Magurudumu ya mbele yalipogusa daraja, pumzi yangu ikakatika.

Haikuwa hofu. Ilikuwa ni maji. Yalinijaa kifuani, yakapanda kooni, yakatoka puani na mdomoni, ya udongo, baridi, na jani dogo jeusi likaniangukia mapajani. Nilimshika Mukhisa mkono. Sikuweza kutoa sauti. Akaniangalia, akarudisha gari nyuma kwa kasi mpaka tukaingia kwenye ua wa watu.

Maji yakakatika hapo hapo.

Mukhisa alizima gari.

"Si ulikunywa kitu?" akauliza kwa sauti ya chini.

Nikatikisa kichwa.

"Nyaruai... hilo jani limetoka wapi?"

Nilimweleza yote pale garini. Hakucheka. Tulijaribu barabara nyingine, na nyingine. Bungoma ni nchi ya vijito, huwezi kwenda mbali bila kukutana na maji. Wakati jua linaingia tulikuwa tumezunguka zote. Nilikuwa na kipande cha nchi nilichoweza kutembea kutoka mwanzo hadi mwisho kwa saa mbili. Ndani yake mlikuwa na nyumba yangu, ofisi, soko na kanisa. Mami hakuwa ndani yake.

Jumapili baada ya ibada nilimfuata mwenye nyumba, Mama Nakhungu, nikamwonyesha ile picha ya ukuta. Aliitazama, kisha akaketi juu ya ndoo iliyokuwa imepinduliwa.

"Nilipaka rangi mara mbili, mwanangu," alisema. "Mara mbili. Hayo maneno yanarudi."

"Ni nani aliandika, mama?"

"Jeruto. Msichana wa Kapsokwony, alikuwa fundi wa nguo. Alikaa kwangu miaka mitatu na hakuwahi kwenda kwao hata Krismasi. Baadaye akahamia hapo nyuma ya soko, akasema hiyo nyumba ina mtu. Mimi nikafikiri ni maneno tu." Akapangusa macho kwa kanga. "Mwezi huu nikasikia ameenda kwao. Ati alitembea kwa miguu, anaimba barabarani."

Alikuwa na namba yake. Nilipiga nikiwa nimesimama nje, mbali na ile nyumba.

Jeruto alipokea. Nilimwambia naishi wapi. Nilisikia kuku na mtoto akilia kwa mbali.

"Uliandika jina lako?" akauliza.

"Niliandika. Lakini ilikuwa ya gemu, dada. Mchezo wa kompyuta."

"Yeye hajui mchezo."

"Yeye ni nani?"

"Sijui. Nilienda kwa mzee mmoja wakati dada yangu alikuwa anakufa. Akanipa hayo maneno manne, akasema niandike pale ninapolala. Nikaandika. Dada yangu akapona." Akashusha sauti zaidi. "Kisha juzijuzi hapa nikaamka, kitanda kitupu. Nikaonja chumvi. Nikaenda mtoni, nikavuka. Sikujua ni nani amenipokea mzigo huu. Nisamehe."

"Nifanye nini?"

"Mimi niliomba dada yangu. Wewe uliomba nini?"

"Sikuomba kitu."

Yule mtoto akaacha kulia.

"Basi unalipa na hujapewa," Jeruto akasema. Simu ikakatika. Nilipopiga tena, haikupatikana.

Jioni hiyo Mukhisa alikuja na peni. Alikuwa ameshaelewa, labda kabla yangu. Mtu mwingine akiandika jina lake, mimi naachiliwa.

"Nipe hayo masharti," alisema. "Uende ukamwone mama yako. Mimi sina shida na kukaa Bungoma, ni kwetu. Tutaona mbele."

Alikuwa amesimama mlangoni. Mvua ilikuwa imeanza, na alikuwa na maji mabegani. Nakiri nilifikiria. Nilifikiria kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Kisha nyuma yangu, chumbani, kitanda kikalia... kama mtu amejigeuza kusikiliza vizuri.

Mukhisa alisikia pia. Uso wake ukabadilika, lakini hakuondoka.

"Enda nyumbani," nikamwambia. "Na usirudi hapa. Tafadhali."

Jumatatu nilitoka kazini mapema. Nilifunga mlango, nikaingia chumbani jua likiwa bado dirishani, nikaketi upande wangu wa kitanda. Sikujua huwa wanamwita nani, kwa hivyo sikumwita.

"Mimi ni Nyaruai," nikasema. "Nimefuata masharti yako, na sijaomba kitu. Sasa naomba. Mama yangu yuko Kitale. Anafanyiwa upasuaji kesho. Nataka apone, na asiwe peke yake."

Harufu ya tope ikazidi. Godoro likashuka upande wa ukutani, kisha likapanda. Kitu kikapita nyuma ya mgongo wangu. Kilipita polepole, karibu sana. Sikugeuka.

Komeo la mlango likafunguka lenyewe.

Nilipopata nguvu ya kuinuka, kulikuwa na nyayo za maji kwenye sakafu, kutoka kitandani hadi nje. Nyayo za mtu. Si za mnyama, si za kuogofya. Nyembamba kidogo. Sijui ni nini kilinifanya nivue kiatu, nikaweka mguu wangu juu ya mmoja.

Ulitoshea. Hata kidole kidogo.

Usiku huo nililala kitandani peke yangu kwa mara ya kwanza tangu nitie sahihi. Upande wa ukutani ulikuwa baridi na mtupu. Nililia kwa furaha. Asubuhi nikakimbia mpaka kwenye kile kijito, nikaingiza mguu. Maji yakanipanda kifuani kama kawaida, nikaanguka nyuma kwenye nyasi nikikohoa. Nikaonja chumvi. Ikanichoma. Basi, nikajua nimefungwa bado, na safari hii kwa haki. Nilikuwa nimeomba.

Jumanne nilipiga simu ya mami mchana kutwa. Haikuingia. Jumatano hivyo hivyo. Alhamisi, Ijumaa, simu yangu ilikuwa ikimpata kila mtu isipokuwa yeye. Mukhisa aliuliza watu wa Kitale, akaja kuniambia akiwa amesimama barabarani, kwa sababu nilimkataza kuingia. Upasuaji ulienda vizuri. Madaktari wenyewe wanashangaa. Karuhusiwa kurudi nyumbani.

"Lakini kuna kitu sijaelewa," alisema. Alikuwa anatazama viatu vyake. "Jirani yenu anakusifu sana. Ati umemuuguza mama yako vizuri."

Nilikopa simu ya Mama Nakhungu. Nilienda nayo mpaka mwisho wa shamba lake, chini ya migomba, nikapiga.

Ikaita. Mami akapokea.

"Halo?" Sauti yake ilikuwa imerudi, nzito, ya zamani, ya mwanamke anayeamka saa kumi na moja kukamua ng'ombe. "Halo, ni nani?"

Nikafungua mdomo. Kabla sijasema neno, nikamsikia akigeuza kichwa mbali na simu.

"Nyaruai! Hebu angalia hayo maziwa yasimwagike, naongea na simu."

Na kwa nyuma, jikoni kwetu, karibu na sufuria zinazogongana, sauti yangu ikaitika.

"Nimeona, mami. Ni nani huyo?"

"Sijui, hasemi." Akarudi kwangu, bado ana kicheko kidogo. Hajacheka hivyo tangu baba afariki. "Halo? Unataka nani?"

Nilisikia hatua zikija karibu na simu. Hatua za miguu mitupu, zenye maji.

"Samahani," nikasema. "Nimekosea namba."