Wimbo wa Kuaga

Jumanne, baada ya sala ya alasiri, duka la Haroub pale Malindi lilinukia ubani, na hakuna aliyefukiza.

Haroub, fundi wa kompyuta, alitazama mashine kuukuu iliyokuwa mezani. Ilikuwa ya marehemu mganga wa Kidichi. Bintiye, Bi Mwanakheir, alitaka nyimbo za mamake za kupunga pepo ziokolewe, kwa sharti moja: "Fukiza kwanza, mwanangu. Kisha usikilize mpaka mwisho. Mwanzo huitwa, mwisho huagwa."

Mashine haikuwaka. Haroub alinakili diski yake, akauendesha mfumo ule wa zamani ndani ya kompyuta yake, kwa programu inayoiga mashine za kale. Picha zilikuja, sauti ilikuja imejaa mikwaruzo. Akabadilisha kadi ya sauti, akajaribu. Akabadilisha tena. Kila mara alisikiliza mwanzo tu, ngoma na jina likiitwa, akazima. Ubani hata hakuununua.

Nyuma ya pazia, mkewe Faiza alikuwa akishona. Akaanza kuufuatisha wimbo.

"Umejulia wapi huo?"

"Upi tena? Mie nimenyamaza," alisema Faiza, na wimbo ukaendelea kumtoka kifuani, midomo imefumba.

Haroub alimpigia Bi Mwanakheir.

"Shikamoo, Bi. Mke wangu anauimba wimbo, midomo imefumba."

"Marahaba. Ulifukiza?"

"Nshafukiza," akasema.

"Basi mpigie wimbo wa kuaga. Hima."

Akaipunguza kasi ya mashine ya kuiga mpaka ikalingana na ile ya kale, na sauti ikatoka safi, ngoma na jina na vigelegele, huku Faiza akitikisika kitini na cherehani ikishona bila mguu wa mtu, hadi ukafika wimbo wa kuaga na vyote vikatulia.

"Mie naondoka," ilisema sauti ya kiume kinywani mwa Faiza. "Na wenzangu uliowaita?"

"Nilikuita wewe tu."

"Kila ulipoita, alikuja mmoja."

Haroub aliupiga tena. Programu ile haikuweza kuruka mbele. Ilianzia mwanzo, na kabla ya kumuaga mmoja ilimwita mwingine. Akaurikodi mwisho kwa simu. Simu ilishika mikwaruzo tu.

Ijumaa Bi Mwanakheir alifika na chetezo.

"Sasa sema kweli. Umeita mara ngapi usiage?"

"Sikumbuki, Bi. Na sikufukiza. Nilikudanganya."

Bi Mwanakheir alikiweka chetezo chini.

"Mwite mkeo."

"Faiza," aliita Haroub.

"Naam," wakaitika, wanaume kwa wanawake, kwa kinywa chake kimoja.