Niliandika Kila Neno la Dada Yangu

Nina umri wa miaka thelathini na saba, nimeolewa, ni mama wa watoto wawili, na nina saiba ndogo hapa soko la Matiliku, Makueni. Nachapa barua za watu, natoa kopi za vitambulisho, napiga picha za pasipoti. Watu huniona mtu wa maana. Hawajui kwamba vidole hivi ndivyo vilivyomtoa dada yangu wa tumbo moja kwenye boma lake... Naandika haya kwa aibu, lakini nimechoka kuyabeba peke yangu.

Dada yangu anaitwa Nduku. Amenitangulia kwa miaka mitano. Aliolewa upande wa Kitui, karibu na Kabati, na mwanamume mpole anayeitwa Mutua, ambaye hufanya kazi kwenye machimbo ya mawe mbali na nyumbani. Mtoto wao wa kwanza alikuwa msichana, na kama ilivyo desturi yetu Wakamba, akapewa jina la mama yake Mutua. Syombua. Yule nyanya, ambaye sote tulimwita Susu, alimpenda huyo mjukuu kupita kiasi. Alipomtuma dukani alikuwa akituambia, "Nimejituma." Mtoto akianguka na kuchubuka goti, Susu alikuwa anasema yeye ndiye aliyeumia.

Syombua alikufa akiwa na miaka saba. Kilikuwa kiangazi kikali, mto umekauka, na watu walikuwa wakichimba mashimo kwenye mchanga wa mto kutafuta maji. Shimo moja likaporomoka akiwa ndani. Sote tuliambiwa kwamba alifuata mbuzi mtoni, akatumbukia wakati mama yake yuko nyumbani. Hivyo ndivyo Nduku alivyosema, na hivyo ndivyo tulivyozika. Nani angemuuliza mara ya pili mama aliyefiwa?

Miaka sita ikapita. Nduku akazaa wengine wawili, akawa ndiye anayeanzisha nyimbo za kwaya kanisani kwao. Sauti yake ilijulikana Kabati nzima. Ndipo akaja Dairekta.

Nitamwita hivyo tu, kwa sababu ndivyo tulivyomwita. Alikuwa Mmarekani wa miaka sitini na kitu, mrefu, mwenye sauti nzito ya kutuliza. Ujanani alikuwa mwigizaji. Alinionyesha kwenye simu picha yake ya zamani, ana masharubu na bastola mkononi. Aliigiza askari, akaigiza majambazi, akaigiza madaktari. Nywele zilipoanza kutoka wakawa wanampa kazi ya kuwa baba wa mtu, halafu kazi ya kuwa maiti. Aliyasema hayo akicheka. Basi akahamia nyuma ya kamera, akaongoza michezo ya runinga huko kwao, na sasa alikuwa anatayarisha dokumentari. Aliniambia amechoshwa na watu wanaoigiza. Alitaka watu wanaoishi.

Alikuja Makueni kutengeneza filamu kuhusu watu wa mito mikavu. Alihitaji mtu wa kutafsiri Kikamba, na mwalimu mmoja akamleta kwangu saiba. Wasomaji wenzangu, sikumbuki kama niliwahi kusifiwa vile maishani mwangu! Aliniambia nina sikio adimu. Akaniahidi kwamba jina langu litatokea kwenye filamu, si kama mtafsiri tu, bali kama mtayarishaji msaidizi. Nilienda nyumbani nikaandika jina langu kwenye karatasi ili nione litakavyokaa.

Kazi ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, kukaa kando ya Dairekta wakati wa mahojiano. Pili, baada ya kurekodi, nilikuwa natumiwa zile sauti saiba, nazisikiliza na kuandika kila kilichosemwa, Kikamba upande huu, Kiingereza upande ule. Pale ambapo upepo ulivuma, au ng'ombe alilia juu ya maneno, tulikuwa na neno letu la kuandika: haisikiki. Nilimsimulia Nduku kwenye simu, nikijigamba. Nikamwambia kazi yenyewe ni rahisi, ukishindwa kusikia unaandika haisikiki, unaendelea. Alicheka sana siku hiyo.

Nami ndiye niliyemtaja dada yangu. Dairekta alisema filamu haina moyo bado. Akauliza kama hakuna aliyewahi kupotewa na mtu kwenye haya mashimo. Nikasema yupo.

Kabla ya Kabati tulikuwa tumehoji mzee mmoja wa kule kwetu, mjane ambaye hakutaka kusema lolote kuhusu mkewe. Dairekta akaweka kamera kando. Akamweleza, nami nikitafsiri, jinsi mke wake mwenyewe alivyofia mikononi mwake. Akanyamaza. Akatoa kitambaa, akapangusa jicho la kushoto. Yule mzee akafunguka kama mfereji. Wiki iliyofuata, kwa mama mmoja aliyepoteza kaka, Dairekta naye alikuwa amepoteza kaka. Akanyamaza palepale. Kitambaa kilekile, jicho lilelile.

Tukiwa garini nilimuuliza. Hakukasirika. Alisema kwa miaka mingi alilipwa kulia kwa ajili ya mambo ambayo si yake, na kwamba machozi yake ni ya kweli, ni hadithi tu ambayo ni ya kuazima. Alisema watu hawawezi kuvua nguo mbele ya mtu aliyevaa. Niliitikia kwa kichwa, nikaona ni ufundi. Niliona na nikanyamaza, ili jina langu likae vizuri kwenye ile filamu.

Tulifika kwa Nduku asubuhi, mwishoni mwa kiangazi. Alikuwa amefagia uwanja na kuvaa blauzi ya kwaya. Nilimweleza ile fomu ya kukubali kurekodiwa, akatia sahihi bila kuisoma kwa sababu mimi ndiye niliyeishika. Kijana wa sauti kutoka Nairobi akamfunga maiki ndogo kama kifungo, waya ukapita chini ya blauzi.

Dada alisimulia yaleyale tuliyoyajua. Mbuzi, mto, shimo. Alisimulia kama mtu anayesoma tangazo. Dairekta akaweka kamera kando, nami nikajua kinachofuata. Safari hii alikuwa na binti, binti wa miaka saba, aliyezama kwenye bwawa la kuogelea huku yeye akizungumza kwa simu. Nilitafsiri. Mungu anisamehe, nilitafsiri hata ule ukimya. Nikamwona dada yangu akimtazama yule mzungu kama aliyekutana na mtu wa kwao ugenini.

Nduku akainuka, akasema anaenda kuangalia chai. Nikamfuata jikoni. Alinishika mkono, akaniambia kwa Kikamba, kwa sauti ndogo:

"Mumbua, yule amesema ukweli wake mbele ya watu. Mimi nimedanganya."

Nikamuuliza amedanganya nini.

"Hakufuata mbuzi. Nilimteremsha mwenyewe. Shimo lilikuwa jembamba, mimi singetosha. Nikampa kopo awe anateka, mimi navuta ndoo. Akaniambia, mama, mchanga unaniingia machoni. Nikamwambia ajaze kwanza... Nilimwambia ajaze kwanza."

Tulilia pale jikoni mpaka chai ikafurika ikazima moto. Aliniambia hajawahi kumwambia mtu mwingine, si Mutua, si pasta, na Susu akijua atakufa. Nikamwapia. Wala sikumwambia kwamba yule binti wa bwawani hakuwahi kuzaliwa. Wakati ule ndio ungefaa kumwambia.

Ile maiki ilikuwa bado kifuani pake. Kumvua maiki ilikuwa kazi yangu, kwa sababu wanawake hawakupenda kushikwashikwa na kijana wa Nairobi. Nilisahau. Hapo nasema kweli, nilisahau. Lakini yule kijana alipokuwa akikusanya vyombo vyake aliniambia, "Madam, ile ya jikoni pia nimeshika. Mimi sielewi hata neno moja, wewe ndio utajua kama iko na maana."

Siku nne baadaye sauti zikafika saiba. Nilifunga mlango, nikavaa hedifoni. Nikasikia vikombe, kuni zikipasuka, kisha sauti ya dada yangu, karibu kabisa, kama amenilalia begani.

Wasomaji, nilikuwa peke yangu. Dairekta hajui Kikamba. Kijana wa sauti hajui Kikamba. Kuni zilikuwa zinalia, mtu yeyote angeamini. Lakini Dairekta alikuwa ameniambia mara nyingi kwamba mtafsiri anayechagua maneno ni mwongo, na mimi nilitaka aone sikio langu lilivyo. Nikajidanganya kwamba mtu mzima kama yule hatatumia kitu kilichosemwa jikoni. Niliandika kila neno. Niliandika hata ile chai kufurika.

Alinijibu siku iliyofuata. Alisema amelia, na kwamba sasa filamu ina moyo. Ndipo nikashtuka, nikamwandikia kumwomba aitoe ile sehemu. Akanijibu kwa upole kwamba uso wa Nduku hautaonekana, ni sauti tu itakayosikika, na kwamba fomu ilitiwa sahihi. Nikaukubali ule upole wake. Mara mbili nilimpigia dada simu ili nimwambie. Mara zote mbili nikaishia kumuuliza kama mvua imenyesha.

Mwaka uliofuata Dairekta akarudi na filamu yake. Alitaka wenyeji wawe wa kwanza kuiona. Wakachagua ukumbi wa kanisa, Kabati, Jumapili mchana baada ya ibada. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, shuka jeupe likatundikwa ukutani. Pasta akaombea ile mashine ya kuonyeshea filamu. Mutua alikuwa ametoka kazini, amevaa koti lake la harusi. Susu aliwekewa kiti cha mbele. Nduku alikaa kando yake, amemshikia mkoba.

Mwanzoni watu walicheka. Walijiona, wakaona mbuzi wao, wakaitana majina. Kisha likaja kundi la picha za mto mtupu, mchanga mweupe, hakuna mtu. Ikasikika sauti ya kuni zikipasuka...

Chini kulikuwa na maandishi ya Kiingereza, kazi yangu mimi, lakini mle ndani hakuna aliyeyahitaji. Ile ilikuwa sauti iliyowaanzishia nyimbo kila Jumapili, na ilikuwa inasema Kikamba chao. Ilipofika pale pa "ajaze kwanza", nilisikia kiti kikisogea.

Susu alikuwa amesimama. Hakupiga kelele. Alichukua mkoba wake mikononi mwa Nduku, akamtazama, akasema:

"Uliniambia jina langu lilifuata mbuzi."

Akatoka, akiongozwa na mama mmoja. Mutua akakaa mpaka mwisho, uso kwenye viganja. Dada yangu hakumtazama mume wake wala lile shuka. Aligeuka akaanza kunitafuta mimi kwenye viti vya nyuma, mpaka akaniona.

Kisha majina yakaanza kupanda. Langu likatokea kubwa, jeupe, peke yake. Vijana wa kwaya waliokuwa nje wakipanga sahani, ambao hawakusikia kitu, walichungulia mlangoni, wakalitambua jina langu na kupiga makofi.

Hakuna aliyempiga Nduku. Hakuna aliyemfukuza. Susu aliacha tu kula chakula alichopika. Mutua akarudi kazini akaacha kupiga simu. Kwenye kwaya mtu mwingine akawa anaanzisha nyimbo kabla Nduku hajafungua mdomo. Miezi mitatu baadaye akaondoka na begi moja. Wale watoto wawili walibaki kwa Susu.

Dairekta amefanikiwa. Filamu imezunguka nchi nyingi, ikatuzwa. Alinitumia picha yake akiwa jukwaani, ameshika kitambaa, anapangusa jicho la kushoto. Sikumjibu. Lakini sitamtwika mzigo wangu wote. Yeye alikuwa akifanya kazi aliyoizoea tangu ujanani, nami nilikuwa nimeiona kwa macho yangu mara mbili kabla sijampeleka kwa dada yangu.

Nduku sasa yuko Malili, kwenye hoteli moja karibu na barabara kuu. Nimeenda mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili mwenye hoteli alinizuia: "Anaosha masufuria huko nyuma, lakini amesema kama ni wewe, yeye hayuko."

Mara ya tatu, mwezi uliopita, nilipita nyuma bila kuomba ruhusa. Amekonda. Mikono imepauka kwa sabuni. Nilipiga magoti pale kwenye maji machafu, nikamweleza yote, hata ile hadithi ya binti wa bwawani, kwamba ilikuwa uongo na mimi nilijua. Alisikiliza bila kuacha kusugua. Nilipomaliza akaniuliza jambo moja tu.

"Si uliniambia kuna neno mnaloandika mkishindwa kusikia?"

Nikamwambia ndiyo, lipo. Akangoja. Akageuza sufuria, akaendelea na kazi.

Ndugu wasomaji, huenda nawe umepewa kazi ya kusikia siri za watu. Huenda ni karani, muuguzi, mtafsiri, au jirani tu aliyekaribishwa jikoni. Nakusihi, usiwe hodari kama mimi. Atakuja mtu mwenye sauti ya kutuliza akuambie una kipaji, akuahidi jina lako litaandikwa. Kabla hujaandika, mtazame aliyekuamini.

Mimi nilisikiliza sauti za watu zaidi ya thelathini kwa ajili ya ile filamu. Juzi nilizifungua tena karatasi zangu zote, nikaanza kutafuta. Niliandika haisikiki kwa ajili ya upepo, kwa ajili ya ng'ombe, kwa ajili ya pikipiki iliyopita. Kwenye karatasi za Nduku sikuliandika hata mara moja.