Sumu Iliingilia Wapi?

Shamba la Faraji liko bondeni, chini ya kijiji cha Malindi, katika milima ya Usambara. Mteremko wa huko ni mkali. Ukiangusha boga shambani kwako, usilikimbize. Mpigie simu jirani wa chini akubakizie kipande, maana ukifika utakuta limeshapikwa.

Faraji alilima kabichi na karoti kando ya kijito. Kabichi zake zilikuwa kubwa sana. Watu husimulia kwamba kuku na vifaranga wake walikutwa na mvua, wakajibanza wote chini ya jani moja la kabichi ya Faraji, na jogoo naye akapata nafasi. Habari ya jogoo ina ubishi. Ya vifaranga haina.

Lakini kabichi kubwa huvuta viwavi wengi. Kwa hiyo Faraji alipiga dawa mara kwa mara.

Kupandisha maji mlimani ni kazi ngumu. Faraji alikuwa na njia yake rahisi. Alishuka na bomba la kupulizia dawa hadi kijitoni. Palikuwa na jiwe bapa ukingoni, karibu na kabichi zake. Hapo alichota maji, akachanganya dawa, akapanda kupiga. Akimaliza, alirudi kwenye jiwe lile. Alimwaga dawa iliyobaki, akasuuza bomba. Maji meupe kama maziwa yaliteremka na mkondo.

Siku moja mkewe, Sabra, alimuuliza.

"Baba Shamsa, hayo maji si ndiyo tunayochota sisi huko chini?"

"Mke wangu, maji yakipita mawe saba yameshajisafisha," alijibu Faraji. "Marehemu babu alisema hivyo, na alikunywa maji ya kijito hiki mpaka uzeeni."

"Babu yako alikuwa anapiga dawa?"

Faraji akajifanya anakohoa.

Wiki iliyofuata, asubuhi, Faraji alipiga dawa tena. Alimwaga, akasuuza, akatupa chupa tupu kati ya kabichi. Kisha akaenda kung'oa karoti za kupeleka sokoni Lushoto.

Muda si mrefu Sabra alishuka kuchota maji. Alikwenda na binti yao Shamsa, mwenye umri wa miaka minne. Sabra alipokuwa anasuuza ndoo, Shamsa aliinama, akakinga maji kwa viganja, akanywa. Akanywa tena.

Walipofika nyumbani mtoto alikaa chini mlangoni.

"Mama, tumbo."

"Umekula nini?"

Shamsa alitapika. Mate yakaanza kumtoka mengi, kama mtoto anayeota meno. Jasho likamtoka, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Sabra alimshika mikono. Ilikuwa inatetemeka.

"Faraji! Faraji we! Njoo, mtoto!"

Faraji alikuja mbio, udongo wa karoti mikononi. Nyuma yake alikuja jirani yao, mama Sesilia. Alikuwa amevaa gambuti, ameshika beseni jeupe na chujio la chai. Alikuwa mmoja wa walinzi wa kijito. Hao ni wanakijiji waliojitolea kukagua maji kila mwezi, bila kulipwa. Watu wengi waliwacheka. Walimwita Sesilia Mama Wadudu, kwa sababu alipindua mawe ya kijitoni na kuchungulia chini yake.

"Shikamoo mama," alisema Sabra, machozi yakimtoka.

"Marahaba mwanangu. Nilikuwa nakuja kuwaonya. Kaa wametoka majini. Wako ukingoni, wamelegea, wengine wamekufa. Mtoto amekunywa maji ya wapi?"

"Ya kijitoni! Nilimwona akinywa, sasa hivi tu!"

"Basi tusikae. Mvue nguo zilizolowa. Muoshe kwa maji ya mtungi yale ya jana, kwa sabuni. Haraka."

"Nimpe maziwa?"

"Hapana. Maziwa hayaondoi sumu. Wala usimtapishe kwa kidole, anaweza kupaliwa. Mpeleke kituo cha afya."

Bodaboda iliitwa. Sabra alipanda, amemfunga Shamsa kifuani kwa kanga. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinayumba. Pikipiki ilipotelea kwenye kona.

Faraji aliingia ndani. Alitoka na panga.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Sesilia.

"Kwa Paskali. Shamba lake ndilo liko juu yangu. Mbuzi wake walikula kabichi zangu, nikamsema mbele za watu. Akaniambia nitajuta. Leo ametia sumu majini."

"Umemwona?"

"Nani mwingine?"

Kabla Sesilia hajajibu, simu ya Faraji iliita. Alikuwa Sabra.

"Tumefika. Nesi anataka kuongea na wewe."

"Mimi nesi Efrazia," ilisema sauti nyingine. "Baba, mtoto amekunywa sumu ya shambani. Tumeshaanza kumhudumia. Lakini dawa ziko za aina nyingi, na tiba zake hazifanani. Tafuteni imetoka wapi. Leteni chupa. Fanyeni haraka, anapumua kwa shida."

Simu ilikatika. Faraji alibaki ameishikilia sikioni.

"Weka panga chini," alisema Sesilia. "Panga halisomi lebo. Twende kijitoni, maji yenyewe yatatuonyesha."

"Mama, mtoto anakufa, na wewe unataka kutazama wadudu!"

"Ukienda kwa Paskali na panga, atakimbia au mtaumizana. Chupa utaipata saa ngapi? Twende!"

Waliteremka karibu kukimbia. Pale anapochotea Sabra, Sesilia alipindua jiwe, akalisuuzia kwenye beseni. Wadudu wadogo walielea, miguu juu. Hakuna aliyesogea.

"Wamekufa karibuni. Bado hawajaoza," alisema Sesilia. "Tupande juu. Tutakapokuta walio hai, tutajua sumu iliingilia hapo chini yao."

"Si nilikuambia? Ni huko juu kwa Paskali."

Walipanda wakifuata maji. Sesilia alipindua jiwe lingine. Wamekufa. Lingine. Wamekufa. Mtoto wa kerengende alikuwa amejikunja kama uzi uliokatika. Faraji alitangulia mbele, akiteleza, akiita.

"Harakisha mama! Kwa Paskali si mbali!"

Walifika kwenye jiwe bapa. Faraji alilipita bila kulitazama. Sesilia alisimama hapo kidogo, akanusa. Kisha akapiga hatua chache tu juu ya jiwe lile. Akapindua kokoto moja, akaisuuza.

Beseni lilijaa uhai. Wadudu wembamba wenye mikia mitatu walikimbia huku na huku. Kaa mdogo alinyanyua makucha yake kama bondia.

"Faraji, rudi," aliita Sesilia. "Hawa wa mikia mitatu ndio hutangulia kufa maji yakiharibika. Tazama. Ni wazima."

"Labda Paskali alimwaga alfajiri. Sumu ikapita, ikateremka."

"Ikawaruka hawa? Sumu ina mabawa?"

Faraji alitazama beseni. Akatazama juu, kwa Paskali. Akatazama chini, kwenye jiwe bapa. Bado lilikuwa na alama nyeupe ya povu lililokauka.

"Bomba la leo umesuuzia wapi?" aliuliza Sesilia kwa sauti ndogo.

Faraji alifungua mdomo. "Lakini maji yakipita mawe saba..."

"Mawe hayali sumu, mwanangu. Babu yako alikuwa anaosha jembe. Tope hutua chini. Dawa haitui. Inateremka na maji mpaka kwa mtu."

Faraji hakusikiliza zaidi. Alirukia kabichi zake. Alizipangua, akazikanyaga, kabichi zile zile zilizowahifadhi kuku. Chupa iko wapi? Aliitupa upande gani? Alitambaa kwa magoti. Aliipata kwenye mfereji, tupu, ina utepe mwekundu wa sumu kali. Maji yalikuwa yamelowesha lebo. Jina la dawa lilikuwa limechubuka katikati.

"Siwezi kulisoma," alisema, akiigeuza chupa huku na huku. "Siwezi kulisoma!"

"Ifunge kwenye mfuko, uipeleke. Wao wataijua."

Faraji alipanda hadi barabarani. Hapakuwa na bodaboda. Palikuwa na pikipiki moja tu, na mwenye pikipiki alikuwa anafunga magunia ya karoti nyuma yake. Alikuwa Paskali.

"Majirani walikuona, wakaniambia unanitafuta na panga," alisema Paskali. Hakucheka.

"Kaka Paskali. Shamsa amekunywa sumu. Nilisema ni wewe. Si wewe. Ni bomba langu. Chupa hii inatakiwa kituoni, na sina usafiri."

Paskali alikata kamba. Magunia yakaanguka, karoti zikateremka mlimani zikishindana.

"Panda. Panga liko wapi?"

"Nimeliacha."

"Afadhali. Nisingependa linikae mgongoni kwenye kona."

Barabara ile ina kona kali mpaka dereva anaweza kuisoma namba ya pikipiki yake mwenyewe inayokuja nyuma. Paskali alizikata zote. Faraji alifumba macho, akaikumbatia chupa.

Kituoni nesi Efrazia aliipokea kwa glavu. Alisoma herufi zilizobaki, akauona utepe mwekundu.

"Tulihisi ni hii. Sasa tuna uhakika." Akaingia ndani, mlango ukafungwa.

Sabra alikuwa kwenye benchi, kanga imelowa. Alipomwona Paskali alikumbuka ugomvi wa mbuzi, akasimama.

"Shemeji, ulimwaga nini mtoni?"

Paskali alimtazama Faraji.

"Si yeye," alisema Faraji. "Ni mimi. Nilisuuza bomba asubuhi, kabla hamjashuka."

Sabra hakupiga kelele. Alikaa tena.

"Nilikuuliza," alisema.

Hayo tu. Faraji angependa apigwe. Walikaa, wote watatu, wakisikiliza kila kikohozi kilichotoka nyuma ya mlango. Kikohozi kikichelewa, Sabra alisimama. Kikisikika, alikaa. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikaingia, Faraji akaswali pembeni, na hakumbuki alisoma nini.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama nesi Efrazia alipofungua mlango.

"Anapumua vizuri. Atalala hapa tumwangalie. Ameomba uji."

Sabra alijifunika uso kwa kanga na kulia kwa sauti.

Shamsa aliporudi nyumbani, Sabra alimkataza kukanyaga kijitoni. Maji alikwenda kuyachota kwenye chemchemi ya mbali, mlima mzima. Sesilia alipokuja kumjulia hali mtoto, Sabra alimuuliza:

"Mama, nikiyachemsha ya kijitoni?"

"Kuchemsha kunaua vijidudu vya kuharisha, na uchemshe kila siku. Lakini hakuondoi dawa ya shambani. Dawa hiyo, tiba yake ni moja. Isiingie majini."

"Sasa nifanye nini?" aliuliza Faraji. "Nisipopiga dawa, viwavi watakula mpaka ua wa nyumba."

"Kwanza uwakague. Viwavi wakiwa wachache, watoe kwa mkono. Ukilazimika kupiga, soma maelekezo, vaa vizuri, na usichanganyie mtoni. Beba maji kwa ndoo safi isiyoguswa na dawa, uchanganyie huko juu. Pima dawa ya kutosha shamba, isibaki. Ukimaliza, tia maji kidogo kwenye bomba, tikisa, upulizie kabichi zilezile. Rudia mara tatu. Chupa nayo isuuze hivyohivyo, maji yake yaingie kwenye bomba. Kisha itoboe isitumike tena, uitunze mbali na watoto mpaka bwana shamba aelekeze pa kuipeleka."

"Na kabichi za ukingoni?"

"Sheria inataka tuache mita sitini kutoka mtoni."

"Mita sitini! Mama, hapo nitakuwa nimefika kitandani kwangu."

"Ndiyo maana tunasaidiana. Utahamia juu, kwenye matuta. Sisi walinzi tutakuja kukuchimbia."

Walikuja kweli. Paskali naye alikuja, na jembe lake, na masimango yake. "Chimba Faraji, chimba! Leo mbuzi wangu wanakuonea huruma!" Ukingoni walipanda matete na miti ya asili. Faraji alijiunga na kikundi. Mwanzoni alikuja kwa aibu. Baadaye alikuja mapema kuliko wote, na alikuwa wa kwanza kupindua mawe. Mwezi wa kwanza hakukuwa na kitu. Mwezi wa pili, mnyoo mmoja. Kila akipindua jiwe tupu, alirudi nyumbani hana hamu ya kula.

Mvua kubwa ikanyesha, ikaisha. Siku ya ukaguzi, Sabra aliteremka na Shamsa hadi mwisho wa njia. Hapo akamshika mkono, akasimama. Sesilia alikuwa majini na beseni lake. Upande wa chini wa jiwe bapa, wale wa mikia mitatu walikuwa wamerudi.

"Mama, niende nikawaone?" aliomba Shamsa.

Sabra alimtazama Sesilia. "Mama, angekuwa mjukuu wako, ungemruhusu?"

Sesilia alielekeza kidole mlimani.

Huko juu Faraji alikuwa amemaliza kupiga dawa. Bomba lilikuwa mgongoni. Hakushuka. Alitia maji, akatikisa, akapulizia kabichi. Akatia tena. Akatikisa. Sabra alimfuata kwa macho, hatua kwa hatua, bila kupepesa. Faraji alisuuza mara ya tatu, akalipulizia tuta la mwisho, akaenda zake juu na bomba mgongoni, mbali na maji.

Sabra alishusha pumzi. Aliinama, akamkunjia Shamsa gauni mpaka magotini.

"Nenda," alisema. "Lakini usiyanywe."