Aliyemtangulia Zena Murungu

Sukari ilikuwa imeshapimwa. Zena alikuwa amejiandaa kupanga foleni mpaka miguu ife ganzi, lakini alipofika tu duka la ushirika mjini Kibondo, muuzaji alimsogezea kifurushi na kumwambia kuwa mwenzake ameshapita kusema anakuja. Mafuta ya taa nayo yalikuwepo, jambo ambalo mwaka ule wa sabini na tano lilikuwa la kusimuliana. Akadhani mwenzake huyo ni kaka yake Tamimu. Alikuwa amechoka mno kuuliza zaidi.

Tangu binti yake Kudra arudishwe kutoka kwa mumewe huko Kasulu, hali, halali, anaunguruma kwa sauti ya kiume, mama mtu alikuwa hajui usingizi. Sheikh Khatibu, aliyekuwa akimsomea, alisema hilo ni jini la kurithi na halitoki mpaka litajiwe jina la bibi aliyelifuga kwanza. Jina lenyewe hakuna aliyelijua. Upande wa mama, Zena alikuwa Muha wa Murungu, na watu wa huko walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, hata hujui nani kapelekwa wapi. Alikwenda Murungu basi tu, kwa kuwa kukaa nyumbani kumsikiliza mwanawe kulimshinda.

Lori lilimchukua papo hapo. Nyumba ya kwanza aliyobisha hodi ikawa ya Maximilla, binamu wa marehemu mama yake, ambaye hawakuwa wameonana naye tangu Zena akiwa mdogo.

"Karibu, mwanangu, nilikuwa nakungoja," alisema ajuza yule, akampa kibuyu cha mutobe, maji matamu ya ndizi mbivu. "Kunywa. Mwenzako ameshauonja."

Kwa Waha mwenyeji huonja kwanza mbele ya mgeni, ijulikane hana ubaya. Zena aliona utaratibu umerukwa, lakini kiu haikumpa nafasi ya kushangaa. Mutobe ulinukia udi. Akaumaliza.

Maximilla akamtiririshia ukoo mzima, nani kamzaa nani, nani kazikwa wapi, hadi kwa Bibi Niyonsaba, aliyeolewa na mfanyabiashara wa pwani na kuachiwa jini lake. Zena alifurahi, kwa kweli alifurahi. Njia nzima ya kurudi alikuwa akitabasamu peke yake.

Alifika nyumbani magharibi.

"Nimelipata jina," alimwambia Sheikh. "Tamimu kanirahisishia, kanitangulia kila mahali, hata mutobe niliopewa kauonja kabla yangu."

Tamimu aliinua uso kando ya kitanda cha Kudra. "Mimi, dada?" alinong'ona. "Sijatoka humu tangu alfajiri. Mtoto kazimia kutwa, yupo kama hayupo. Kazinduka sasa hivi, ulipoingia."

Hapo Zena akakumbuka sukari iliyopimwa na lori lililosimama bila kupungiwa mkono na kibuyu kile kilichokuwa kimeshaguswa na mdomo ambao hakuuona, na huku anakumbuka harufu ya udi ikaanza kuingia kutoka uani, ingawa chetezo kilikuwa baridi na hakuna aliyewasha kitu, ikapita mlangoni taratibu, ikazunguka kitanda, ikaja kutulia nyuma ya shingo yake.

"Huo mutobe aliuonja nani?" Sheikh aliuliza kwa sauti ya chini.

"Huyo mwenzangu."

"Basi mwenyeji wako ni yeye. Kakukaribisha, nawe umepokea. Nikilitaja jina sasa, jini litamtoka Kudra, lakini halitarudi lilikotoka. Litakwenda kwa mgeni wake. Ningoje niende Ujiji kutafuta dawa."

"Kudra atakungoja?"

Sheikh alimtazama binti, mifupa mitupu chini ya khanga.

"Litaje," Zena alisema.

Jina lilipotajwa, Kudra alishusha pumzi ndefu, akaomba uji kwa sauti yake mwenyewe, akanywa, akalala. Tamimu akalia kwa furaha. Zena alitaka kulia pia, lakini hakuwa na nguvu hizo. Alitandika mkeka pembeni, akajilaza, akasogea ukutani kuacha nafasi.