Uzio wa Sajini na Karani

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza juu ya mikorosho ya Kitangari, Emilia na Somoe waliwatoa punda wawili zizini, wakawatandika mashogi ya kubebea madebe, wakateremka nao bondeni kuteka maji. Uwanda wa Makonde una udongo mzuri wa mihogo na hewa baridi, lakini hauna visima. Mvua inayonyesha juu hunywewa na mchanga, na anayeyataka maji huyafuata chini ya genge, penye chemchemi.

Zamani wasichana hao waliyabeba maji kichwani. Walifika shuleni wenzao wamekwisha maliza somo la kwanza, na mwalimu aliwaambia waziwazi kwamba kwa mwendo ule wasahau mtihani wa darasa la nne. Punda ndio waliowaokoa. Karani alikuwa punda wa zahanati, alikofanya kazi Shangazi Julia, nesi aliyemlea Emilia. Aliitwa Karani kwa sababu alikanyaga kwa madaha na kuchukia matope. Sajini alikuwa wa Muharami, baba yake Somoe, aliyerudi kutoka vita vya Burma akichechemea kidogo na akipenda sana vyeo vya jeshi. Karani alileta maji ya wagonjwa, Sajini aliyaleta ya nyumba zote mbili. Mmoja asingeweza kazi ya wawili.

Wote wawili walikuwa madume. Njiani, wakiwa na mizigo, walikwenda kwa adabu. Zizini walikuwa maadui. Jioni moja Sajini alimng'ata Karani shingoni, Karani akamjibu kwa teke la kifuani, na Muharami akaja mbio na fimbo yake.

"Shikamoo, Baba Somoe," Emilia alimwamkia huku akimvuta Karani kwa kamba.

"Marahaba. Punda wenu ana fujo!"

"Baba, Sajini ndiye aliyeanza," Somoe alisema.

"Sajini haanzi. Sajini hutoa amri." Kisha akamgeukia Julia, aliyekuwa amefika kutazama fujo hiyo, na safari hii hakuwa na mzaha. "Nesi, Jumamosi lori linakwenda Masasi. Wakiwa bado wanauana, Sajini wangu anapanda lori hilo, nikamuuze. Siwezi kungoja avunjwe mguu."

Wasichana walitazamana. Bila Sajini, madebe yangerudi vichwani mwao.

"Watatengwa kabla ya Jumamosi," Julia alisema. Muharami alipoondoka, aliwaambia wasichana, "Ninyi mnashinda nao, mnazijua tabia zao. Chagueni uzio wa kuwatenga. Lakini kabla hamjachagua, jiulizeni punda atafanya nini akifika penye uzio huo."

Somoe alitaka seng'enge. Nyumbani kwao lilikuwapo bunda zima, lililotoka Nachingwea baada ya mashamba makubwa ya karanga ya Waingereza kufungwa. Emilia alikataa. Kunyoosha seng'enge ni kazi ya watu wazima, naye alitaka wamalize upesi.

"Tuchomeke minyaa," alisema. "Bustani zote za Kitangari zimezungushiwa minyaa, na mbuzi hawasogei."

Alikuwa amesema kweli. Mnyaa una utomvu mweupe kama maziwa, mchungu na mkali, na mbuzi akiuonja mara moja harudii. Tena hauhitaji kulimiwa. Ukikata tawi na kulichomeka ardhini, linashika. Basi wakakata matawi marefu, mikono yao ikiwa imefungwa vitambaa, wakayachomeka kwa kubanana katikati ya zizi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Emilia alirudi nyuma akautazama ukuta ule wa kijani akaridhika. Swali la shangazi yake hakujiuliza hata kidogo.

Kesho yake walipotoka shuleni waliukuta ukuta umelala chini. Mbuzi huukwepa mnyaa kwa sababu hana haja na kilicho ng'ambo. Sajini alikuwa na haja. Aliupitia kwa kifua, matawi yakavunjika, utomvu ukaruka. Karani alisimama pembeni ameinamisha kichwa, jicho lake la kushoto limevimba na kufumba, machozi yakimchuruzika hadi mdomoni.

Somoe aliyakusanya matawi yaliyovunjika haraka haraka. "Tuseme ni swila," alinong'ona. "Swila hutema mate machoni. Wiki jana alionekana mmoja kwenye mihogo. Nani atatubishia?"

Emilia alilitafakari jambo hilo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukumbuka baadaye. Wakisema ni minyaa, Muharami angejua uzio umeshindwa, na lori lilikuwa njiani. Wakisema ni nyoka, hapana wa kulaumiwa.

Julia alikuja kutoka zahanati akiwa bado amevaa aproni. "Amepatwa na nini?"

Somoe alifungua kinywa. Emilia alimtangulia.

"Ni minyaa, Shangazi. Nimechagua mimi. Sajini ameivunja, utomvu umemwingia Karani jichoni."

Julia hakupandisha sauti. "Lete debe la maji."

"Yamebaki ya kunywa tu, Shangazi."

"Ndiyo hayo hayo. Somoe, mshike kichwa."

Emilia aliwahi kumwona shangazi yake akifunga vidonda na kuchoma sindano, lakini hakuwahi kumwona akifanya kazi na mgonjwa anayepiga mateke. Julia alisimama ubavuni, karibu na bega, mahali ambapo kwato hazifiki. Alilifumbua jicho kwa vidole viwili na kumimina maji kidogo kidogo, bila kukoma, kutoka pembe ya ndani kwenda nje ili utomvu usirudi. Karani aliporuka, mkono wake uliruka naye. Debe zima liliishia mchangani. Halafu akawaagiza wang'oe minyaa yote, hata vipande vidogo, wakavifukie mbali na zizi.

"Atapofuka?" Emilia aliuliza.

"Sijui bado. Kinachojulikana ni kwamba ameoshwa mapema na kwa maji mengi. Sasa nijibuni lile swali langu. Punda akifika penye uzio, anafanya nini?"

Safari hii walikaa nje ya zizi wakawatazama. Karani alifungwa kamba kwenye nguzo, Sajini akaachwa huru. Walimwona Sajini akijikuna mbavu kwenye boriti. Walimwona akiegemea kwa uzito wake wote, kisha akinyoosha shingo juu ili amfikie mwenzake.

"Angejikuna hivyo kwenye seng'enge, ngozi yake ingechanika mishipi mishipi," Somoe alikiri.

"Umesema kweli, binti," sauti ya Muharami ilisikika nyuma yao. Alikuwa amekuja kumtazama Karani. "Seng'enge ninayo, na siwapi. Burma nyumbu wetu mmoja wa kubebea mizigo alinaswa mguu kwenye seng'enge. Kadiri alivyovuta, ndivyo ilivyomkata. Nilikuwapo."

Emilia alikuwa bado anaitazama shingo ya Sajini. "Hata uzio uwe imara namna gani," alisema polepole, "ukiwa mmoja, wataumana juu yake. Wanahitaji nyua mbili, na nafasi katikati."

"Nafasi kiasi gani?" Julia aliuliza.

Emilia aliokota ufito. Alimwita Sajini kwa ganda la muhogo, akapima kutoka kifuani hadi ncha ya mdomo ulionyooka, akaukata hapo. Alifanya vivyo hivyo kwa Karani, kwa upole, upande wa jicho zima. Kisha akaviunganisha vipimo vyote viwili, akaongeza hatua moja.

Julia aliipima nafasi ile kwa macho. "Sasa umejibu."

Siku zilizobaki walifanya kazi baada ya shule. Muharami alichimba mashimo na kusimamisha nguzo, kwa kuwa zilikuwa nzito. Wasichana waliambua magome ya fito nene hadi zikawa laini, wakakata vichomozi vyote vya matawi, wakazifunga kwa kamba za magome. Somoe alianza kuzifunga upande wa nje, unaopendeza zaidi kwa mpita njia.

"Punda akiegemea, atazisukuma wapi?" Emilia alimuuliza.

Somoe alifikiri. "Zitatoka kwenye nguzo."

"Zikiwa upande wake?"

"Atazibana kwenye nguzo mwenyewe. Haya, mwalimu, nimeelewa!" Akafungua mafundo yote akaanza upya.

Jumamosi asubuhi honi ya lori ilisikika barabarani. Muharami alikuja zizini na kamba mkononi. Emilia alimfungulia Sajini mlango wa upande mmoja, na Julia akamwingiza Karani upande wa pili. Jicho la Karani lilikuwa bado jekundu, lakini lilikuwa wazi, nalo lilifuata kila kilichopita mbele yake.

Sajini alimwona. Alilaza masikio, akaja mbio, akapiga kifua kwenye fito. Fito zililia, nguzo zikatikisika kidogo, hapana kilichoachia. Alinyoosha shingo hadi meno yakaonekana, akauma hewa. Karani naye alinyoosha yake, akauma hewa. Sajini akaegemea, akasukuma, akakoroma. Mwishowe aligeuka, akajikuna kiuno kwenye ufito laini, kisha akaanza kula majani.

Honi ililia mara ya pili. Muharami aliizungusha kamba kiganjani, akaitia mfukoni.

"Mwambieni dereva aende zake," alisema. "Sajini amepangiwa kituo hapa hapa."

Somoe alimkumbatia baba yake kiunoni. Emilia alikaa chini kando ya uzio.

Julia aliupitisha mkono juu ya ufito, akitafuta kichomozi cha kuchoma ngozi, asikipate. "Kazi hii ni nzuri," alisema, naye hakuwa mtu wa kusifu ovyo. "Lakini msifikiri ilianza mashimo yalipochimbwa. Ilianza Emilia aliposema ni minyaa. Somoe ameniungamia habari ya swila. Mngeniambia hivyo, ningewaamini. Sote tungeingia kwenye mihogo na fimbo kumsaka nyoka asiyekuwapo, na ile minyaa ingebaki zizini kulingoja jicho la pili. Kosa likitajwa kwa jina lake, watu hujua pa kuanzia kulitengeneza. Kesho pia, likitokea jingine, njooni mniambie hivyo hivyo."