Jiwe Si Breki

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, mtaa wetu ulikuwa na harufu yake: harufu ya nyasi mbichi zilizokatwa. Ukiisikia ulijua kwamba yule bwana na mkewe wameshafika kwenye uwanja wa shule. Mume alisukuma mashine yake ndogo, akienda na kurudi kama mtu anayepiga pasi shati kubwa mno. Mke alifuata nyuma na reki, akikusanya nyasi, kisha akapiga magoti na mkasi kwenye kingo za ukuta ambako mashine haikufika. Walizungumza kidogo, wakacheka sana. Adhuhuri walikaa kwenye ngazi za darasa, wakala kutoka bakuli moja, halafu wakarudi nyumbani kwa binti zao wakiwa na vipande vya nyasi nyweleni.

Mlikuwa mkiwaona, majirani zangu, na wengine mlikuwa mkitamani kuwa kama wao. Kisa chao ninawasimulia kwa ruhusa yao wenyewe. Walisema: "Waambie. Asisikie mmoja tu, wasikie wote."

Mume alikuwa mtu mwema. Hakunywa pombe, hakuinua mkono juu ya mtu, hakulala nje ya nyumba yake. Kasoro yake ilikuwa moja, na kwa ajili yake tulimpa jina: Bwana Kesho. Bomba likivuja, kesho. Bawaba ya mlango ikilegea, kesho. Tulimtania, naye akacheka pamoja nasi. Kumbe kuna utani ambao ungefaa uwe onyo.

Kazi ikaongezeka. Zahanati iliyojengwa juu ya kilima iliwaomba wautunze uwanja wake mpana wenye mteremko. Mashine ya kusukuma isingeuweza. Wakaamua kununua ile ya kupanda, ambayo mtu huketi juu yake na kuiendesha kama trekta dogo, visu vikizunguka chini ya bati tumboni mwake. Mpya hawakuimudu, wakatafuta iliyotumika. Hilo si kosa. Wengi wetu tunaishi kwa vitu vilivyotumika, na vinatufaa.

Mwuzaji alikuwa mtu mchangamfu, mwenye karakana pembeni ya barabara. Kitrekta kilikuwa kimeoshwa, rangi yake nyekundu inang'aa, matairi yamepakwa mafuta yakawa meusi kama viatu vya bwana harusi. Mume alikipenda papo hapo, akakizunguka huku amefunga mikono nyuma kama mkaguzi, ingawa hakuwa akikagua kitu. Mke alikuwa amekulia kwenye mashine ya kusaga nafaka ya baba yake. Yeye hakuangalia rangi. Alisogeza kiganja karibu na injini.

"Ina joto," akasema. "Umeiwasha kabla hatujafika?"

"Kidogo tu, shemeji, nisiwapotezee muda."

"Basi tungoje ipoe, tuone inavyowaka ikiwa baridi. Injini mbovu ikishapata joto huficha ugonjwa wake."

Mwuzaji akacheka, na mume akacheka naye, ingawa masikio yalianza kumwaka. "Mama watoto, unataka tulale hapa?"

Mke aliinua kiti, akaona waya uliokwanguliwa na kusokotwa na mwenzake, umefungwa kwa utepe mweusi. "Na huu?"

"Huo ni msaada wangu kwenu," mwuzaji akasema. "Kiwandani waliweka swichi chini ya kiti. Ukiinuka tu, injini inazimika. Usumbufu mtupu. Nimeunganisha waya, sasa unashuka na kupanda upendavyo, yenyewe inanguruma tu."

"Na breki? Imejaribiwa mteremkoni?"

Hapo mume akamshika mkewe kiwiko, akamvuta kando. "Usinitie aibu mbele ya mwanamume mwenzangu," akamnong'oneza.

Mke akaacha kuuliza, na kitrekta kikanunuliwa. Nanyi mnaonisikiliza, hebu tulitazame jambo hili. Si kila nyumba huharibiwa na kelele. Nyingine huharibiwa siku ile anayeona anapoambiwa afumbe macho.

Mwanzoni mambo yalinyooka. Uwanja uliokuwa ukiwamalizia siku nzima sasa ulikwisha kabla ya chakula. Mume aliketi juu ya kitrekta mgongo wima, watoto wa mtaa wakikimbia ukutani kumpungia mkono, naye akawapungia kama waziri kwenye gwaride. Lakini mashine ni kama mtoto mchanga: anapotulia si kwamba hahitaji kitu.

"Baba watoto, oili imekuwa nyeusi kama masizi."

"Nitaibadilisha kesho."

"Kichujio cha hewa kimejaa vumbi. Injini inakohoa."

"Si inakohoa huku inakwenda?"

Nyasi zilizolowa ziliganda chini ya bati, zikakauka kama saruji. Visu vikawa butu. Badala ya kukata nyasi vikawa vinazichana, ncha zake zikageuka kahawia, hata mwalimu mkuu akamwita mume ofisini na kumwambia kwa upole kwamba uwanja wake unaonekana kama umeliwa na mbuzi mwenye jino moja. Mume aliirudia habari hiyo nyumbani kama kichekesho. Binti zake walicheka. Mkewe hakucheka.

Breki nayo ikalegea. Akiegesha mteremkoni, mume aliweka jiwe nyuma ya gurudumu au mbele yake, kutegemea upande wa kilima.

"Jiwe si breki," mke akamwambia.

"Limetufaa mpaka leo."

"Leo si siku zote."

"Basi kesho nitaitengeneza, mama watoto. Kesho kweli."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, tunasema, lakini tunalisema kwa wengine.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri, anga safi. Walikuwa zahanati. Wagonjwa wameketi kwenye benchi barazani wakisubiri kuitwa. Mke alikuwa chini ya mteremko, karibu na baraza, amempa mumewe mgongo, anakusanya nyasi kwenye gunia. Mume alikuwa juu, akakuta mpira wa kumwagilia maji umelala njiani mwake. Akasimamisha kitrekta. Hakuzima injini, kwa kuwa ilikuwa ngumu kuwaka. Hakusimamisha visu, kwa kuwa mkanda wa kuvizungusha ulikuwa ukikwama. Hata jiwe hakuliweka. Alitaka tu kusogeza mpira. Akashuka.

Kitrekta nacho kikaanza kushuka.

Kwanza polepole, kama kinafikiria. Mume alipogeuka kilikuwa kimeshampita. Aliruka kushika kiti, mkono ukateleza. Akapiga kelele, lakini mkewe alikuwa amezoea ngurumo ile masikioni, hakusikia sauti ndani yake. Aliyemwokoa ni mgonjwa mmoja pale barazani. Mama huyo aliinuka, akanyoosha mkono, akaonyesha. Mke aliuona mkono, akageuka, akajitupa kando.

Hakujitupa mbali vya kutosha. Gurudumu la mbele lilimpanda mguu, visu vikamfikia kwenye buti. Kisha kitrekta kikagonga mawe ya ukingo wa maua, kikaning'inia hapo, visu vikisaga mawe na kutoa cheche, mpaka mume alipofika na kung'oa waya wa plagi inayowasha injini kwa mikono yake mwenyewe. Alipigwa shoti, hakuihisi.

Kisigino cha buti kilikuwa kimekatwa kama kipande cha sabuni. Cha mguu kilipona. Lakini mfupa juu ya kifundo ulikuwa umevunjika.

Wakambeba ngazi chache tu mpaka ndani, na hiyo ilikuwa rehema. Mume aliketi kando ya kitanda akiwa ameshika lile buti. Alisema samahani.

Mke alimtazama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimwumiza mume zaidi.

"Mimi si mashine, baba watoto," akasema. "Mimi ukiniahirisha, huenda kesho nisitengenezeke."

Zahanati wakawaambia wapumzike kwanza, wakimaanisha wasirudi. Shule nayo ikatafuta mtu mwingine. Mke akakaa nyumbani, mguu umefungwa plasta ngumu, magongo yameegemezwa ukutani. Binti mkubwa akawa ndiye mpishi, na wote wakala chakula cha kuungua bila kulalamika. Mume hakuweza kukitazama kitrekta. Akakifunika turubai, halafu akaamua kukiuza.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mtu hupimwa.

Mnunuzi alipopatikana, mume aliamka mapema. Akakiosha kitrekta. Akayapaka matairi mafuta. Akapambana na injini mpaka ikawaka, akaiacha ipate joto, akaizima. Mke alikuwa ameketi mlangoni, mguu juu ya stuli, akimtazama tangu mwanzo.

"Umeiwashia nini, na mgeni hajafika?"

Mume aliendelea kufuta rangi kwa kitambaa. "Nisimpotezee muda," akasema, na alipoyasikia maneno hayo kinywani mwake mwenyewe akaacha kufuta.

Mgeni akaingia. Alikuwa kijana mkulima wa maua, amefuatana na mkewe, mjamzito wa kuonekana. Kijana alikipenda kitrekta palepale. Akakizunguka amefunga mikono nyuma.

"Kitatusaidia sana," mke wa kijana akamwambia mwenyeji, akitabasamu. "Yeye atakuwa anakata juu, mimi nafuata na reki."

Mume alitazama reki ya mkewe iliyosimamishwa pembeni ya nyumba. Kisha akaenda, akainua kiti.

"Njoo uone, ndugu yangu. Waya huu umefungwa ili injini isizimike mtu akishuka. Ni hatari. Breki haishiki. Oili ni chafu. Imewashwa kabla hujafika kwa sababu ikiwa baridi haiwaki. Na huyo pale mlangoni ni mke wangu. Mguu wake ulivunjwa na mashine hii, kwa uzembe wangu."

Kijana alimwangalia, akamwangalia mwenye plasta, akamwangalia mkewe. "Kwa nini unaniambia? Nilikuwa nimeshakubali moyoni."

"Nawe una mtu anayekuja nyuma na reki."

Walipeana mikono, wageni wakaenda zao bila kununua. Mume alibaki amesimama uani kama mtu aliyevuliwa shati, mpaka aliposikia gongo likigonga sakafu.

"Baba watoto," mke akasema, "lete beseni la kumwagia oili. Unachelewa."

Ndivyo walivyoanza. Mke aliketi kitini akielekeza. Mume alilala chini akitenda. Kabla ya yote aliambiwa achomoe waya wa plagi, ili visu visije vikazunguka mkono ukiwa ndani. Akakwangua nyasi zilizokauka, akamwaga oili iliyokuwa nzito kama uji, akabadilisha kichujio. Visu alivinoa kwa tupa, na mke akavirudisha mara mbili akisema bado ni vya kupakia siagi. Breki na mkanda wakanunua vipya, kidogo kidogo, kwa kazi alizofanya mume na ile mashine ya zamani ya kusukuma. Mwishowe akafungua utepe mweusi, akatenganisha zile nyaya, akairudisha swichi mahali pake.

Siku ya kujaribu, aliketi, akawasha, injini ikaitika ikiwa baridi. Akainuka. Ikazimika. Akaketi, akawasha, akainuka tena. Ikazimika. Alirudia hivyo mpaka binti zake wakaanguka kwa kicheko, na mke akacheka nao. Mume alikuwa akifuta macho, wala si kwa kicheko peke yake.

Alikwenda pia kwa mwuzaji, akamwekea lile buti mezani. Mwuzaji akasema kila mtu hununua kwa macho yake. Siwezi kuwadanganya kwamba alijuta. Pengine moyo wake una siku yake.

Zahanati wakakubali kuwajaribu tena, baada ya daktari kuja mwenyewe kuona kitrekta kikisimama katikati ya kilima bila jiwe. Mke amepona, anachechemea kidogo wakati wa baridi. Siku hizi anayeketi kitini ni yeye. Mume ndiye anayefuata na reki, na kabla mkewe hajapanda, yeye hupiga magoti, akapima oili, akakagua visu, akajaribu breki, ndipo anapompa mkono apande.

Funzo la kisa hiki

Ndugu zangu, ukinunua kitu kilichotumika, usinunue rangi. Omba kiwashwe kikiwa baridi, inua kiti, jaribu breki, na swichi ya usalama usikubali iondolewe hata ukiambiwa ni usumbufu. Ukishanunua, kitunze, kwa sababu kifaa kinachopuuzwa hakimdhuru aliyekipuuza peke yake. Humdhuru pia aliye karibu naye. Msikilize mwenzako wa nyumbani hata mbele za watu, maana aibu ya kusahihishwa hupita, jeraha hubaki. Na kama ulidanganywa, udanganyifu huo ufie mikononi mwako, usimpe mwingine.

Kila mmoja wetu ana kitu anachokiahirisha: waya ulio wazi, jiko linalovuja gesi, breki ya baiskeli ya mtoto. Mkiinuka hapa nendeni mkakiangalie. Anzeni na kile ambacho mtu mnayempenda husimama mbele yake.